Sifa za Alama 64

Abiria anayetoka Tunduma kwenda Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, anaweza kubeba kwenye flashi programu ya gigabaiti mbili ambayo ingemmalizia bando mwenyeji wake kama angeipakua mwenyewe. Flashi hiyo ikishachomekwa kwenye kompyuta tatu nne njiani, anayeipokea ana haki ya kuuliza: kilichofika ndicho kilichotoka kwa mtengenezaji?

Ufundi unaojibu swali hilo nauheshimu kuliko mwingine wowote katika kazi za kompyuta. Faili nzima, iwe kubwa iwe ndogo, hupitishwa kwenye kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, nayo hutoa biti 256 zinazoandikwa kwa alama 64: tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Hiyo ndiyo thamani ya heshi. Badilisha nukta moja tu ndani ya faili, utapata heshi nyingine kabisa. Wala kwenye heshi hakuna kurudi kwenye faili, kama unga usivyorudi kuwa mahindi. Na alama hizo zote zinaenea kwenye SMS moja, nafasi ya salamu ikabaki.

Kuipata si kazi kubwa. Kwenye Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Mzoefu akiona heshi inayoanza na e3b0c442 na kuishia na 7852b855, anajua papo hapo kuwa faili haina kitu ndani. Heshi ya faili tupu ni hiyohiyo, uwe Itumba, Nairobi au Muscat.

Kazi yenyewe iko kwenye kulinganisha. Heshi iliyowekwa ndani ya flashi ileile haisaidii, maana aliyechezea faili anaweza kuchezea na heshi. Hata tovuti ya mtengenezaji inaweza kuingiliwa: Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya mfumo endeshi wa Linux Mint wakawaelekeza watu kwenye nakala yenye mlango wa siri, na anayeishika tovuti anaweza kubadilisha na heshi iliyoandikwa hapo. Kwa hiyo faili ije kwa njia yake, na heshi ije kwa njia nyingine. Na iwe SHA-256, si kanuni za zamani: MD5 ilivunjwa mwaka 2004 na Wang Xiaoyun na wenzake, na mwaka 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam wakaonyesha faili mbili tofauti za PDF zenye heshi moja ya SHA-1.

Usipokuwa na heshi ya mtengenezaji, unaweza kuitafuta uliyonayo. Tovuti ya VirusTotal, iliyoanzia Hispania mwaka 2004, inapokea heshi kwenye sehemu ya kutafutia na kukueleza programu nyingi za kuzuia virusi zimesema nini kuhusu faili hiyo, kama imewahi kufikishwa huko. Faili yenyewe haiondoki kwenye kompyuta yako. Kwa mtumishi aliyetumiwa waraka wa kutia shaka wenye majina ya wananchi, hilo ni jambo kubwa. Lakini jibu la kwamba faili haijulikani lisikupe usingizi. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeipeleka, si kwamba ni salama.

Uzito wa ufundi huu nauona zaidi mahakamani. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, iangalie pia jinsi uadilifu wake ulivyolindwa. Video ya simu inaweza kukaa miezi kabla ya shauri kusikilizwa, na katika miezi hiyo mshtakiwa na mlalamikaji wote wanategemea maneno ya walioitunza. Heshi iliyochukuliwa siku ya kwanza inawaondolea utegemezi huo. Nawaomba wanaopokea flashi na kadi za kumbukumbu kama vielelezo, Ileje na kwingineko: chukueni heshi siku ileile, iandikeni kwenye hati ya ukamataji, na nakala apewe mwenye mali.