Fumbo la Kaskazini ya Mlima Kenya: Haggard, Bwana Msa na Riwaya Pendwa

Wahakiki wetu wamezoea kuipita riwaya pendwa kwa haraka, wakidai kuwa ni fasihi ya burudani isiyo na dhamira nzito. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa swali moja: katika riwaya ya maajabu na katika riwaya ya upelelezi, fumbo limewekwa wapi, na ni nani mwenye haki ya kulifumbua?

Allan Quatermain (1887) ya H. Rider Haggard ilitafsiriwa kwa Kiswahili baada ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotafsiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929. Wahusika wake wanaanzia Lamu, wanaufuata mto Tana, wanaupita Mlima Kenya, kisha wanaingia nchi ambayo msimulizi anaiona haina mwenyewe. Humo ndimo alimofichwa malkia Nyleptha na taifa lake la watu weupe. Haggard alikuwa ameishi Natal na Transvaal. Habari za huku alizipata kwa Joseph Thomson, aliyepita Laikipia mwaka 1883. Sasa tutazame ramani. Kaskazini ya mlima huo, Isiolo inapopakana na Laikipia na Samburu, ipo Oldonyiro, na jina hilo limebeba neno la Kimaa la mlima. Msomaji wa huko, awe Msamburu au Mturkana, anakuta kwamba malisho ya babu zake ni pengo la kupitia tu. Wamasai wanaruhusiwa kuwamo, lakini kama hatari ya njiani, nao wanaangamizwa. Hili si pambo la fani. Maajabu ya Haggard hayawezekani pasipo wenyeji kufutwa kwanza.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilipindua jambo hili. Mzimu wa Watu wa Kale (1960), iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58, inamvuta mnunuzi kwa jina la kutisha. Ndani yake mna maiti iliyokutwa mzimuni na mtu anayefikiri. Kwamba Bwana Msa, kiko chake na rafikiye Najum wanatokana na Sherlock Holmes na Watson halikanushiki, wala halitoshi. Holmes husoma majivu na matope. Bwana Msa husoma hasa watu: maamkizi, haya, ndoa, uvumi. Woga wa mzimu ni pazia, naye hulifunua kwa sababu anawajua wanaouogopa. Kisima cha Giningi (1968) nayo inachezea Giningi, makao ya wachawi katika masimulizi ya Zanzibar. Fumbo limehama kutoka kwenye ardhi likaingia katika uhusiano wa watu, na anayelifumbua ni mwenyeji. (Kwamba mwenyeji huyo hawasumbui sana wenye mashamba ni kasoro ya kweli.)

Mkondo huo haukudumu. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla fumbo limekabidhiwa polisi. Katika Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba, Willy Gamba anapigania ukombozi wa Afrika, dhamira tusiyoibeza, ila Nairobi yake ni hoteli, magari na bastola. Wakazi wamekuwa tena mandhari. Kwa fani, pengo la Haggard limerudi likiwa limevaa suti.

Hakuna kesi katika riwaya hizi za Kiswahili inayofika Oldonyiro, ingawa huko mifugo huibwa na wachungaji huisaka kwa kusoma nyayo, kazi ambayo Bwana Msa angeitambua mara moja.