Jogoo wa Insha: Uhakiki wa Muundo Mmoja wa KCPE

Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ulizaliwa mwaka 1985 pamoja na mfumo wa elimu wa 8-4-4, ukafanywa mara ya mwisho 2023. Sehemu kubwa yake ilikuwa ya kuchagua A, B, C au D. Insha ndiyo iliyompa mtoto nafasi ya kusema lake: dakika 40, alama 40.

Mara nyingi nafasi hiyo ilikuwa imeshaguswa. Mtahini alitoa sentensi ya kuanzia au ya kutamatishia, na mtoto akajaza iliyobaki. Darasani alikuwa ameshafunzwa namna ya kuijaza: jogoo awike, umande umetemete, miale ya jua ichomoze, astaftahi, asafiri, yamkute makuu, aokolewe, kisha methali ifunge kazi.

Tazama mpangilio huo. Mapambo yanatangulia tukio, wala hayalitegemei. Aya ile ile ya alfajiri hung'olewa kwenye insha ya harusi ikapachikwa kwenye ya moto au ya wizi, na hakuna linaloharibika. Tamathali inayokaa popote haielezi chochote. Nayo methali ya mwisho hufika kabla mtoto hajajiuliza kwa nini mambo yalitokea. Mwovu ameadhibiwa, basi yamekwisha.

Sasa mpeleke mtahiniwa huyo Kangemi, katika eneo bunge la Westlands, Nairobi. Jogoo wapo, lakini asubuhi ya huko ina makanga wanaoita abiria wa barabara ya Waiyaki Way na mitungi inayosubiri maji. Mtoto anayajua hayo kwa undani. Hakuyaandika kwa sababu hakuambiwa yana alama.

Utetezi upo, na una uzito. Asiye na vitabu nyumbani, anayeishi katikati ya Sheng, aliweza kukariri akiba hiyo kutoka daftari la mwenzake, akafanya mtihani mmoja na mtoto wa akademia ya Parklands. Methali alizobeba zimebaki zake. Muundo ulimpa maneno. Haukumfunza kuyaelekeza kwenye jambo. Siku anapoandika barua ya kuomba basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, anatakiwa kueleza nani analipa karo, deni ni kiasi gani, na kazi ya mzazi ilikatika lini. Hapo alfajiri haimsaidii.

Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, umeleta ngazi nne za kupima kazi ya mwanafunzi, kutoka chini ya matarajio hadi kuzidi matarajio. Ngazi hizo zitakuwa na maana iwapo mwalimu atatuza jambo lililotazamwa vizuri kabla ya kutuza pambo. Njia ya kujua ni nyepesi: futa aya ya kwanza ya insha. Ikiwa hakuna kilichopotea, mwanafunzi hajafunzwa kuandika. Amefunzwa kuchelewa kuanza.