Sifa za Mwenye Msasa

Mchongaji huacha alama yake kwenye jiwe. Kitazame kinyago cha jiwe la sabuni cha Tabaka, huko Kisii, kabla hakijasuguliwa, utaona mahali panga lilipopita, kisu kilipogeuka na tupa iliposita. Mwenye msasa huzifuta alama hizo zote, na akishamaliza hakuna kinachoonyesha kwamba naye alikuwapo. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Njia ya kumfikia, kwa anayeingia nchi ya Abagusii kutokea Chemosit, huanzia kwenye majani chai. Yamevifunika vilima vya Ikonge na Kebirigo kutoka bondeni hadi kileleni, na mvua ya alasiri haina haraka ya kuondoka. Ukishaupita mji wa Nyamira, migomba inazidi na maboma yanabanana, hata msafiri hawezi kusema kijiji kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Kila kipande cha ardhi kina jembe lake. Ukifika Kisii mjini, teremka Daraja Mbili, sokoni, ule kwanza.

Mboga zimepangwa kwa mafungu juu ya magunia: managu, enderema, majani ya malenge, na chinsaga, ile ambayo kwingine huitwa saga au mgagani. Chinsaga ndiyo mboga ya heshima huku, na ni chungu. Mpishi anayeijua huichambua jani kwa jani, akatupa vijiti vigumu, akaichemsha, akamwaga maji, kisha akaitia maziwa na kuiacha chunguni ilale. Kesho yake huipasha moto na kuiongezea maziwa mengine. Mtu mwenye pupa hupika mboga nyingine. Nilimuuliza mama mmoja mwenye kibanda cha chakula anajuaje kwamba imekuwa tayari. Akanijibu huku akipakua, "Mwanangu, ikikukunja uso haijaiva. Na isipokukumbusha kwamba ni chinsaga, basi umeiua."

Aliniletea na obokima, ugali wa wimbi wenye rangi ya udongo, ndani ya ekee, kikapu kilichosukwa kikabana hata mvuke hauoni pa kutokea. Nilikula taratibu. Uchungu ulikuwapo, mwishoni kabisa, baada ya maziwa kupita. Wote tuliokuwa kwenye benchi lile tuliisifu mboga, na hakuna aliyeutaja usiku mzima iliokaa chunguni. Nadhani hilo ndilo lililonifanya, nilipofika Tabaka, niwapite waliosimama na mapanga na kwenda kwa waliokaa chini.

Tabaka iko Mugirango Kusini. Unashika barabara ya Migori, unapita Suneka, ukifika Nyachenge unaacha lami kuu na kufuata njia ya vilima. Dalili ya kwanza ni vumbi jeupe kwenye majani ya migomba iliyo kando ya njia. Ya pili ni mlio wa panga likikata kitu kisicho mti. Huku ndiko yanakochimbwa mawe ya sabuni, katika machimbo ya wazi kama ya Bomware na Nyabigege, na wanaume hushuka humo wakiwa na sururu, mitaimbo na majembe. Ni kazi ngumu na ya hatari, maana ukuta wa shimo ukilowa mvua huweza kuporomoka. Jiwe linatoka likiwa jeupe, la kijivu, la waridi, la manjano au lenye wekundu wa matofali, na mara nyingi pande moja lina rangi mbili tatu zilizoingiliana. Mchongaji huligonga kabla ya kulichukua. Lenye ufa uliojificha hutoa sauti nzito isiyolia, naye huliacha.

Kuchonga kwenyewe kumesifiwa sana, na kunastahili. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, alichonga Ndege wa Amani aliyesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na kila mtoto anayeshika kisu katika vilima hivi ana haki ya kujivunia jina hilo. Lakini maelfu ya viboko, tembo, sahani na vinara vinavyotoka hapa kwenda Soko la Wamasai Nairobi, maduka ya Mombasa na nchi za ng'ambo huondoka bila jina la mtu. Mnunuzi akiuliza sana ataambiwa ni jiwe la Kisii. Na nyuma ya mchongaji huyo asiyetajwa yupo mwingine ambaye hata kuulizwa haulizwi. Mara nyingi ni mwanamke. Mume huchonga, mke husugua, au karakana huwaita akina mama wa jirani na kila mmoja huja na karai lake.

Kaa karibu naye uangalie. Karai lina maji yaliyogeuka kuwa meupe. Pembeni ana vipande vya msasa vya namna tatu, wa kukwaruza, wa kati na ule laini uliochakaa. Anachovya jiwe, anasugua, anachovya tena. Maji humlinda na vumbi, kwa kuwa jiwe likisuguliwa kavu unga wake huingia kifuani na kukaa humo. Maji hayo naye ameyachota mtoni kabla kazi haijaanza. Kinyago alichoshika ni mama na mtoto waliokumbatiana, na baina yao kuna uwazi unaopitisha kidole kimoja tu. Anakunja msasa ukawa mwembamba, anauingiza humo, anauzungusha kwa ncha ya kidole cha shahada. Hapo mnunuzi hatatazama. Ila vidole vyake vitafika.

Kisha anafanya jambo ambalo sikulielewa mara moja. Analifuta jiwe kwa kitambaa, anaacha likauke kidogo, na kupitisha ukucha wa kidole gumba kutoka juu hadi chini. Jiwe lililolowa huficha mikwaruzo yake yote. Likiwa na maji kila mahali panang'aa, hata palipo pabaya. Likikauka mikwaruzo hurudi, myeupe na myembamba. "Macho hudanganywa na maji," aliniambia, "lakini ukucha haudanganyiki." Ukucha ukinasa, jiwe linarudi karaini. Usiponasa kabisa, linawekwa juani, halafu linapakwa nta na kusuguliwa kwa kitambaa, na hapo ndipo rangi iliyokuwa imelala ndani inapotokea: mshipa wa waridi begani mwa mama, wingu la kijivu mgongoni mwa mtoto.

Mtazame mtu akiingia duka la vinyago. Kabla hajauliza bei, mkono wake umekwisha kwenda mgongoni mwa tembo. Anapapasa. Ulaini huo ndio unaomfungulia pochi, na aliyeutengeneza yuko Tabaka, ncha za vidole zimelika. Sioni haki katika bei inayomhesabu yeye baada ya wote, wakati mkono wa mnunuzi umemhesabu kwanza.

Nilimuuliza kazi gani humsumbua zaidi. Alicheka, akasema sataranji. Seti moja ni vipande 32, na askari hawana shida, ni mviringo tu. Shida ni farasi. Mchongaji amechora nywele za shingo kwa mistari mifupi, na kila mstari unakwaruza. Ukisugua kidogo, kipande kinakuwa kibaya mkononi mwa mchezaji; ukisugua sana, farasi anabaki na shingo ya mbuni. Lazima aondoe ukali wa mstari na kuuacha mstari wenyewe. Anafanya hivyo kwa msasa uliokwisha makali, kwa kufuata nywele na si kuzikata, na anajua pa kuachia.

Wakati tunazungumza aliokota farasi mmoja mweupe, akapitisha ukucha, akakunja uso. Mistari ilikuwa ya juu juu mno. Alimwita mchongaji, kijana aliyekuwa amekaa kwenye kigogo hatua chache kutoka kwetu, akamnyooshea kile kipande.

"Kijana wangu, kata tena hapa shingoni. Nikimsugua hivi alivyo, nywele zitaisha zote."

"Sawa, mama," alisema kijana, akakichukua, akatafuta kisu chembamba na kuanza kuzama zaidi.