Mkimbiaji Kabla ya Goti

Mtaje John Stephen Akhwari popote Tanzania, utasimuliwa habari ya goti. Marathoni ya Olimpiki, Mexico, Oktoba 20, 1968: giza limeshaingia, Mamo Wolde wa Ethiopia ameshatwaa dhahabu zaidi ya saa moja iliyopita, watazamaji wengi wameondoka, ndipo mwanamume wa Mbulu anaingia uwanjani akichechemea, goti lililoumia limefungwa bandeji. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Baadaye alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote huko akaanze mbio tu, bali akazimalize. Jibu hilo limeenea dunia nzima, na anastahili. Kasoro yake ni moja: limemfanya fundi akumbukwe kama majeruhi.

Mbio ndefu ni ufundi, na msingi wake ni kujizuia. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, na nguvu aliyonayo mtu mwilini haitoshi kuchezewa. Mwenye papara huanza kulipa deni baada ya kilomita ya 30, miguu inapokuwa mizito na kichwa kinaanza kubembeleza kipumzishwe. Mkimbiaji aliyeiva huigawa nguvu yake kama mama anavyogawa gunia la mahindi lifike mavuno mengine. Hata hivyo siku ina mambo yake. Mjini Mexico, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, Abebe Bikila aliyekuwa bingwa wa Olimpiki mara mbili aliacha mbio zilezile njiani.

Miaka miwili baadaye Akhwari alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akamaliza marathoni wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Piga hesabu: ni kama dakika 3 na sekunde 12 kwa kila kilomita. Kijana mwenye afya njema akijaribu mwendo huo, huenda asiimalize hata kilomita moja. Akhwari aliushika mara 42.

Wengine husema siri ni hewa. Ni kweli Mbulu iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na Mlima Hanang wenye mita 3,420 unautazama mji wa Katesh kwa karibu. Hewa nyepesi huuzoeza mwili kazi ngumu. Lakini ingekuwa hewa tu, kila mkazi wa Dongobesh huko Mbulu angekuwa na medali ukutani. Mtazame mkimbiaji mzoefu akipanda kilima alfajiri kwenye barabara ya vumbi. Hatua anazifupisha, hazirefushi. Mikono iko chini, vidole havikukunjwa kwa nguvu, taya limelegea, mabega hayapandi masikioni. Akiteremka hafungi breki kwa kisigino, maana anajua mapaja ndiyo yatakayolipa. Siku ya mazoezi mepesi hukimbia akipiga soga na wenzake; soga ikikatika, mwendo umezidi.

Gidamis Shahanga wa Hanang alikuwa na ufundi huo tangu ujana. Mwaka 1978, akiwa na miaka 20, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Mwaka 1982 mjini Brisbane akatwaa dhahabu ya mita 10,000, na siku chache baadaye akaingia tena kwenye marathoni. Yeye na Mtanzania mwenzake Juma Ikangaa wakaondoka na mbio mapema, wakawaacha wengine mbali. Robert de Castella wa Australia akasubiri, akawafuata, akashinda. Ikangaa akawa wa pili. Hesabu haimwogopi bingwa. Shahanga naye hakukata tamaa: mwaka 1984 alishinda Rotterdam.

Kukumbuka tukio na kusahau ufundi hakukuanzia kwetu. Mcheza tenisi Suzanne Lenglen wa Ufaransa, aliyetwaa taji la Wimbledon la mchezaji mmoja mmoja mara 6 kati ya 1919 na 1925, alisifiwa kwa mavazi yake na kwa kuruka kama mcheza dansi. Wachache walimkumbuka baba yake, aliyetandika leso uwanjani ili binti ajifunze kuilenga kwa mpira, siku baada ya siku. Watu hupenda tamasha, kazi iliyolizaa wakaiacha.

Kazi hiyo bado inaendelea. Mwaka 2023 Mtanzania Magdalena Shauri alimaliza wa tatu Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Mabinti wanaomtazama hawatafika huko kwa kuambiwa wawe na moyo tu. Wanahitaji kocha, saa ya mkononi, viatu na mtu wa kuwafundisha kujizuia. Basi mwalimu wa michezo, mtoto akikuuliza Akhwari alikuwa nani, mtajie kwanza saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Habari ya goti ifuate.