Bwana wa Kisiki: Molière na Jina la Kijiji

Kuna mchezo tunaoupenda sana sisi waandishi chipukizi: kujibatiza. Hadithi bado ni mistari minne, lakini jina la kuweka juu yake limeshapatikana siku nyingi. Mimi mwenyewe nimo. Jina la ukoo wetu ni jina la kijiji alikozaliwa babu, na nilipopeleka hadithi yangu ya kwanza nililiona la kishamba mno. Nikalitupa, nikajipa jingine la mjini, lenye kishindo. Hadithi ilirudi vilevile.

Ndiyo maana suala la Molière limenikaa moyoni. Baadhi yetu tumemjua kwa Kiswahili: Mchuuzi Mwungwana ya A. Morrison ilitoka mwaka 1961, na Mnafiki ya L. Taguaba ikatoka 1973. Lakini Molière si jina alilopewa na wazazi. Alizaliwa Paris mwaka 1622, akaitwa Jean-Baptiste Poquelin, mtoto wa fundi wa mapazia na viti aliyemtumikia mfalme. Mwaka 1643 aliikataa kazi ya baba, akaunda kikundi cha maigizo na wenzake. Mwaka uliofuata jina la Molière likaonekana kwenye saini yake.

Kwa nini Molière? Grimarest, aliyeandika maisha yake mwaka 1705, anasimulia kwamba hata marafiki zake wa karibu hakuwaambia. Basi watu wakaanza kubahatisha. Wengine wanamtaja François de Molière, mwandishi wa riwaya aliyefariki mwaka 1624. Wengine wanafungua ramani. Ufaransa ina vijiji vinavyoitwa Molières, huko Dordogne, huko Lot, huko Tarn-et-Garonne. Na kingine, Les Molières, hakiko mbali na Paris. Ile s ya mwisho haitamkwi, kwa hiyo kwa sikio tu huwezi kumtofautisha mtu na kijiji. Neno lenyewe kwa kawaida huelezwa kuwa mahali panapochimbwa mawe ya kusagia nafaka.

Ubishi huo mtamu, ila naona unatupeleka siko. Tukitaka kujua Molière aliyaonaje majina ya kuokota, tusome tamthilia yake L'École des femmes, yaani shule ya wake, iliyochezwa mara ya kwanza Desemba 1662.

Arnolphe ana miaka 42. Amemlea binti, Agnès, katika ujinga mtupu ili aje amuoe bila wasiwasi wa kusalitiwa. Tena kalichoka jina lake. Shambani kwake kuna kisiki kilichooza, basi eti siku hizi aitwe Monsieur de la Souche, Bwana wa Kisiki! Rafiki yake Chrysalde anamcheka waziwazi. Anamkumbusha mkulima mmoja aliyekuwa na kiploti kimoja tu: akachimba mtaro wa matope kukizunguka, akajiita Bwana wa Kisiwa.

Ukisoma haraka utadhani huo ni utani wa kufungulia pazia. Kumbe tamthilia nzima imefungwa hapo. Kijana Horace anampenda Agnès, na anamjua Arnolphe kama rafiki wa baba yake. Hajui kwamba ndiye huyohuyo Bwana wa Kisiki anayemfungia binti ndani. Kila akipata mbinu mpya anakuja mbio kumweleza adui yake! Arnolphe inambidi atabasamu huku roho inamuungua. Anajua kila siri, na bado anashindwa. Sisi watazamaji tunajua, Horace hajui, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuendesha mchezo mzima. Wenzangu mnaoandika maigizo, liangalieni hilo vizuri. Mwisho ndio unaonikera: baba wa Agnès anaibuka kutoka Marekani na kumaliza kila kitu. Huo ni mwisho wa kubandika.

Sasa linganisha. Nani alicheza nafasi ya Arnolphe? Molière mwenyewe. Na hati za zama zile zinamwita sieur de Molière, yaani Bwana wa Molière, na wala hakuwa na shamba la jina hilo. Ilikuwa desturi ya waigizaji kujipa majina ya namna hiyo: Bellerose, Montfleury, Floridor. Kwa hiyo aliyesimama jukwaani akichekwa kwa jina la kuokota alikuwa mtu mwenye jina la kuokota. Alijiweka mstari wa mbele wa kuchekwa, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Jina lile lilipoandikwa mwaka 1644 halikumwinua. Mwaka 1645 lilikuwa jina la mtu aliyefungwa kwa madeni. Ikabidi azunguke mikoani miaka mingi, arudi Paris mwaka 1658, aandike, azomewe, apigwe marufuku, aandike tena. Hakuna kijiji kilichomfanyia kazi hiyo.

Mimi nimeamua. Hadithi yangu ijayo itakuja hapa na jina la babu. Ikiwa mbovu, ndugu msomaji, nilaumu mimi. Kijiji kiache kama kilivyo.