Darasa Lililowashinda Wamisionari wa Kazan

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu msomaji, inapotajwa kazi ya wamisionari katika nchi za Waislamu, wengi wetu tuna jawabu moja tu: ni fedha, ni hospitali, ni unga na nguo. Jawabu hilo linatupumzisha. Kwani ikiwa ni hivyo, basi aliyetoka katika dini katolewa na njaa, na sisi tuliobaki hatuna la kuulizwa. Lakini khabari ya Watatari wa mto Volga, katika nchi ya Warusi, inakataa jawabu hilo. Huko ilijaribiwa nguvu, ikajaribiwa mali, na zote mbili hazikuingia moyoni. Kilichoingia ni darasa la mtoto kwa lugha ya mama yake. Na kilichoshindana na darasa hilo kilikuwa darasa vile vile.

Watatari ni katika kaumu za Kituruki, kama walivyo Wakazaki, Wauzbeki na Waturuki wenyewe wa Istanbul. Uislamu kwao ni wa zamani. Ibn Fadlan, aliyekuwamo katika ujumbe wa Khalifa wa Baghdad, alifika nchi ya Volga mwaka 922 akaukuta Uislamu umekwisha kuingia. Mwaka 1552 Mfalme Ivan wa Nne wa Urusi aliuteka mji wa Kazan, na mwaka 1555 pakawekwa askofu mkuu. Watu walibatizwa, huyu kwa khofu, yule kwa kutaka ardhi na cheo.

Ukali ulizidi baina ya mwaka 1740 na 1764, serikali ilipokuwa na ofisi maalumu ya kushughulikia waliobatizwa. Aliyekubali alisamehewa kodi na jeshi kwa muda, na mzigo wake akabebeshwa jirani yake aliyekataa. Katika wilaya ya Kazan peke yake, misikiti 418 ilivunjwa katika misikiti 536. Je, faida yake ilikuwa nini? Majina yalijaa katika madaftari ya kanisa, na watu wakabaki vile walivyokuwa. Hata Malkia Katerina wa Pili akaona hasara ya jambo hili, akatoa amri ya kuvumiliana dini mwaka 1773, na mwaka 1788 akawaamrishia Waislamu Baraza lao la dini.

Ndipo alipotokea mtu wa namna nyingine, Nikolai Ilminsky, aliyezaliwa mwaka 1822 akafa mwaka 1891. Huyu alisoma katika chuo cha mapadri cha Kazan, akajua Kitatari na Kiarabu, na alipelekwa mpaka Cairo kusoma. Alipowatazama Watatari waliobatizwa aliona jambo ambalo maaskofu waliomtangulia hawakuliona: kwamba mtu hawezi kuipenda dini anayosomewa kwa lugha asiyoifahamu. Basi akatunga njia yake. Mtoto afundishwe kwa Kitatari cha nyumbani, si kwa Kirusi. Mwalimu wake awe Mtatari mwenziwe. Sala za kanisani ziwe kwa lugha hiyo hiyo. Mwaka 1864 ikafunguliwa rasmi Kazan skuli ya Watatari waliobatizwa, na mkuu wake akawa Vasily Timofeev, Mtatari, mtoto wa shamba. Mwaka 1870 serikali ikaikubali njia hiyo, na mwaka 1872 pakafunguliwa chuo cha walimu ambacho Ilminsky alikiongoza mpaka kufa kwake.

Tuseme haki, kwani tumeamrishwa uadilifu hata kwa tusiokubaliana naye. Katika kuiheshimu lugha ya mnyonge, mtu huyu alikuwa amepata. Watazameni Wachuvash, kaumu nyingine ya Kituruki hapo hapo Volga. Mwanafunzi wa njia hii, Ivan Yakovlev, alianzisha skuli ya Simbirsk mwaka 1868, akawatungia herufi za lugha yao. Wachuvash wengi ni Wakristo mpaka leo, na wanamkumbuka mtu huyo kwa heshima.

Lakini iko aibu ambayo njia hiyo haikuweza kuificha. Mwalimu alikuja na lugha tamu, na nyuma yake amesimama polisi. Mtatari aliyeandikwa katika daftari la kanisa, hata kama aliyebatizwa ni babu wa babu yake, hakuwa na ruhusa ya kujiita Mwislamu. Ndoa aliyofungishwa na imamu haikuhesabiwa kuwa ni ndoa, na watoto wake walihesabiwa wa haramu. Wako waliopelekwa Siberia kwa kurejea katika dini. Na herufi za Kirusi alizozichagua Ilminsky kwa Kitatari zilikuwa na kusudi: kuwatenga waliobatizwa na vitabu vya ndugu zao Waislamu. Dini inayojiamini haihitaji kufunga mlango kwa nje. Sisi tumekatazwa kulazimishana katika dini, na katazo hilo ni hoja juu ya mfalme wa Urusi, na ni hoja juu yetu pia tunapokuwa na nguvu.

Sasa tuulize: kwa nini Watatari hawakwisha? Mwaka 1866 wengi katika waliobatizwa walipeleka maombi ya kutaka wahesabiwe Waislamu. Na amri ya mwaka 1905 ilipowapa watu ruhusa, walirejea kwa makumi ya maelfu. Nani aliyewalea watu hawa kwa miaka yote hiyo, hali hawana msikiti wala imamu wa halali?

Bibi Agnès Kefeli ameitafiti khabari hii katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya kuwa Mwislamu katika Urusi ya wafalme. Jawabu lake liwafikie wanaume wanaodhani dini inalindwa na sauti zao: kazi kubwa ilifanywa na wanawake. Mke wa imamu aliwakusanya watoto wa kike nyumbani kwake, akawafundisha kusoma. Mama na nyanya walisimulia visa vya Mitume. Kisa cha Nabii Yusuf, alichokitunga Qol Ghali katika karne ya 13 kwa lugha ya Kituruki ya kwao, kilisomwa vijijini na kukaririwa. Mtoto alijua dini yake kwa maneno aliyoyafahamu, na padri alipofika alimkuta si chombo kitupu.

Na maulamaa wao nao hawakulala. Shihabuddin Marjani, aliyesoma Bukhara na Samarkand, aliwaandikia watu wake tarikhi yao kwa Kitatari. Kayyum Nasiri alifundisha Kitatari katika skuli ya mapadri yenyewe, na huku akiwatungia Waislamu kalenda, kamusi na vitabu vya elimu. Walimjibu mwalimu kwa ualimu.

Kazi hiyo haijesha. Biblia nzima kwa Kitatari ilitoka mwaka 2015. Atakayeikasirikia aikasirikie, lakini hasira haifasiri hata aya moja.

Na sisi wa Kiswahili tusijione tuko mbali. Tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na Padri Godfrey Dale wa misheni ya Kiingereza Zanzibar. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilitoka mwaka 1969. Hesabu mwenyewe, ndugu yangu: ni miaka 46. Padri alitangulia kuona kwamba Mswahili anataka kufahamu.

Leo tafsiri tunayo, lakini nendeni vyuoni mwetu. Mtoto anakhitimu juzuu 30, anapigiwa dufu na kupikiwa pilau, na ukimuuliza maana ya Alhamdu aliyoisoma kila siku anakutazama tu. Kuhifadhi ni fadhila kubwa, wala siidharau. Lakini Mwenyezi Mungu ametwambia kwamba kila Mtume alipelekwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Mwalimu asiyebainisha amechukua nusu ya kazi akaiacha nusu, na nusu iliyoachwa haikosi mtu wa kuiokota.

Basi ewe mzazi, kabla hujauliza mmisionari amemwambia nini mtoto wako, jiulize wewe umemwambia nini jana usiku. Na ewe mwalimu mwenzangu, mfasirie mwanafunzi wako sura moja fupi wiki hii, kwa Kiswahili cha kwao, mpaka aweze kumweleza mama yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama wa Kitatari waliofundisha pasipo msikiti, na atujaalie sisi tulio na misikiti tusiwe duni kuliko wao. Amin.