Kitabu Gani Apewe Chalii wa Ngarenaro?

Tuhuma ni ya siku nyingi: eti vijana hawasomi. Inatolewa kwenye mahafali, inatolewa ndani ya hiace ya Sakina, na mara nyingi inatolewa na mzee ambaye tangu amalize shule hajafungua kitabu kingine zaidi ya daftari la madeni. Ndugu msomaji, mimi tuhuma hii naikataa. Ingia maktaba mwezi Oktoba, mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, uone kama utapata kiti. Machalii wamejaa, wanapiga msuli hadi jioni. Wanasoma madesa, maswali ya miaka iliyopita na vitini vya tuisheni. Rafu ya hadithi iko hatua tatu nyuma ya migongo yao, imetulia kama kaburi.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: tumewapa nini cha kusoma, na tumewapaje?

Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba nchini ilipitishwa mwaka 1963, Uhuru ukiwa haujafikisha hata miaka miwili na nusu. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Nchi ilikuwa maskini, ina uhaba wa kila kitu, lakini ilitenga fedha za vitabu. Sidhani kama nia ilikuwa kupata chumba chenye kivuli cha kukariria fizikia.

Tuanze na kosa linalorudiwa kila mwaka. Mtoto ana miaka kumi na miwili, anapenda mpira na sinema, anamwendea mkubwa kuomba kitabu. Mkubwa anampa Kusadikika. Mimi namheshimu Shaaban Robert kuliko ninavyoweza kueleza, na kitabu kile cha 1951 kina ujasiri wa ajabu: Karama anasimama mbele ya mfalme, ameshitakiwa na Majivuno, anajitetea kwa visa vya wajumbe waliotumwa nchi za mbali na kurudi kutupwa gerezani. Lakini sentensi zake ndefu zinahitaji mtu aliyekwisha kuzoea kusubiri. Mtoto atafika ukurasa wa kumi, atakirudisha, na hataomba tena. Kitabu hakina kosa lolote hapo. Kimepewa mtu miaka minne mapema.

Huyo angepewa Hekaya za Abunuwasi. Ile ya sufuria iliyozaa haijawahi kumshinda mtoto ninayemjua, na ina siri moja ambayo walimu hawaitangazi: inamfundisha mdogo kwamba mkubwa mwenye tamaa anaweza kuzidiwa akili. Isomwe kwa sauti, watoto wamekaa chini, msomaji ameacha kujifanya ofisa. Saa moja ya Jumamosi inatosha. Kisha waachwe wabishane kama Abunuwasi ni mjanja au ni tapeli tu. Mabishano hayo ndiyo uhakiki wao wa kwanza. Watoto wa Sekei na Kimandolu wana bibi wanaojua hadithi za sungura na fisi kwa Kimeru au Kimaasai. Kwa nini bibi huyo asialikwe naye akae pale mbele?

Sasa vijana. Shule fulani niliyoipitia ilikuwa inanyang'anya riwaya za upelelezi kama vile ni bangi. Ticha alizichana mbele ya mstari. Lakini ni Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza kutembea katika Kufa na Kupona mwaka 1974, aliyetufundisha washkaji wengi kusoma kitabu kizima bila kulazimishwa. Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango wake. Mhakiki mwenye haki atasema wazi udhaifu uliopo: wanawake wa vitabu hivi mara nyingi ni mapambo au mitego, na mpelelezi hachoki wala hakosei shabaha. Hayo yasemwe, tena yasemwe na vijana wenyewe wakiwa wameshasoma. Lakini Musiba alijua kitu ambacho sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunakisahau, yaani kumfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata.

Vitabu vya kidato navyo vina balaa lake. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo ni riwaya ya mjini kabisa: mama anauza chakula, baba Lomolomo ni mlevi, watoto wanafukuzwa shule na kuishia jalalani. Chalii wa Unga Limited hahitaji kuelezwa jalala ni nini. Takadini cha Ben Hanson kinamfuata Sekai, mama anayekimbia na mtoto wake albino ili asiuawe, na katika nchi yetu, ambako albino wameuawa kweli, habari hiyo si ya mbali. Vitabu vizuri vyote viwili. Lakini vimesomwa miaka mingi kwa kutafuta "dhamira tano na mifano," hata mwanafunzi anazitaja dhamira bila kukumbuka kama alimwonea mtu yeyote huruma. Wengi wanasoma kitini cha uchambuzi tu, kitabu chenyewe hawajakiona jalada. Ningeomba maktaba iwe mahali pekee ambapo hakuna anayeulizwa dhamira.

Na wasichana? Rosa Mistika cha Kezilahabi, 1971, kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Eti kitawaharibu. Kila niliposoma jinsi Zakaria anavyompiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, nimeona kitabu kinachowaonya wazazi kuliko kinavyowapotosha mabinti. Mpe dada wa miaka kumi na sita. Ikiwezekana mpe na baba yake.

Lakini pengo kubwa kuliko yote liko hapa hapa chini ya mlima. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili ardhi wapewe masetla. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Nyerere kufika huko. Yeye na mwanasheria Earle Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kikatoka Nairobi 1967, kwa Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili ya kumpa mtoto wa Usa River juu ya jambo hili mimi sijaiona rafuni. Anamjua Robin Hood, Kirilo hamjui.

Hapo lawama inawaacha wakutubi na kutugeukia sisi. Tunaandika mapenzi ya Dar ambako hatujakaa, mhusika anashuka Kariakoo utadhani Soko Kuu la Arusha halina watu. Mimi nimejaribu sura mbili za msichana wa Engare Nanyuki anayeswaga ng'ombe siku ya kuhamishwa. Tatizo langu ni mazungumzo: mama yake angemwita kwa Kimeru, na bado sijajua ni maneno mangapi ya Kimeru msomaji wa Ngarenaro atayavumilia kabla hajarudisha kitabu. Mwenye bibi aliyekuwepo mwaka ule, tuonane.